Unga Usiovutika

Cerrasecca, 20 Aprili 1952

Mwanangu Isolina,

Salamu zangu zikufikie wewe na mumeo Gelindo, na zaidi ya wote mjukuu wangu Nevio. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanung'unika kama mama mkwe wako, lakini goti nikilikanyagia chini linanyamaza. Ninyi je? Nyumba imekauka? Tope limetoka ukutani, au bado mnalala na vyura?

Unajua mimi na kalamu hatupatani. Shule niliiacha darasa la pili, mwalimu aliposema nguruwe wetu ananuka nami nikamjibu kwamba nguruwe kasema hivyo hivyo juu yake. Fosco wa kinu alitaka kuniandikia barua hii. Nimekataa. Angetia maneno yake humo na wewe ungedhani ni yangu.

Nataka kusema juu ya mtoto. Mlipokuja kwangu Novemba mmekimbia maji ya mto, Nevio alikuwa na miguu ya kuku na tumbo la ngoma. Umri wa kupanda miti, na bado anabebwa. Mkasema ni hofu ya mafuriko. Nikasema, mwachieni babu. Asubuhi ugali wa kastanya, zile njugu tamu za miti yangu, mchana chapati za kastanya, jioni kastanya za kuchemsha na maziwa ya mbuzi. Ni kweli huku hatuna kingine, sikatai. Lakini pia hatuhitaji kingine. Machi ilipofika, mtoto anamkimbiza jogoo uani! Nani alimponya? Si daktari. Si mtakatifu yeyote aliyechongwa kanisani. Ni mimi, Adelmo, na miti yangu.

Siku mnaondoka Gelindo aliniambia mlangoni, "Baba mkwe, kastanya ni chakula cha nguruwe, na cha watu wasio na shamba." Nilinyamaza kwa heshima yako. Sasa namjibu, msomee kwa sauti. Mwambie mwaka wa vita alijificha katika kibanda changu cha moshi, akilala juu ya dari la fito ambapo kastanya zangu zinakaushwa, akazila huko huko juu kama panya mpaka akapata nguvu za kuniibia binti. Mwambie ngano ni nyasi. Nyasi iliyobahatika kupendwa, basi. Kila mwaka inakufa, na kila mwaka mtu anainama tena, alime, apande, aombe mvua, aombe jua, halafu mto unakuja unachukua vyote. Mti wangu niliukuta umesimama na nitauacha umesimama. Yule Mama Mkubwa, mti wa nyuma ya nyumba, alipandikizwa na babu wa babu yangu, penye mwamba ambao hata mbuzi anaupita kwa hofu, na hajaniomba jembe hata siku moja.

Nimekutumia mfuko wa unga kwa basi la posta. Ni ule wa katani aliofuma marehemu mama yako, wenye mstari mwekundu. Desturi unaijua. Mfuko wa unga ukishuka mlimani, unapanda tena na kitu ndani, japo chumvi ya kiganja. Unaorudi mtupu umetoka kwenye nyumba yenye msiba. Usije ukaniua kwa usahaulifu wako.

Baba yako,
Adelmo


Ca' Morara, 15 Juni 1952

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi wazima kiasi chetu. Kuta zimekauka hadi kiunoni. Vyura wamehama, mbu wamehamia. Goti lako lipumzishe, usipande paa mwaka huu, mwite Fosco.

Unga wako ulipokuwapo Nevio alikuwa vizuri. Ulipokwisha tukarudi kwenye mkate, na kabla mwezi haujaisha tumbo lilikuwa limevimba tena, anaharisha, analia akiguswa. Nimempeleka mjini kwa daktari wa watoto, kijana mwenye miwani. Amenisikiliza, Baba, wa kwanza kunisikiliza. Aliniuliza, "Mlimani alikula nini?" Nikamwambia kastanya tu. "Mkate?" Nikamwambia baba yangu hana mkate nyumbani. Akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Anasema Uholanzi, wakati wa njaa ya vita, watoto wa ugonjwa huu walipata nafuu mkate ulipokosekana, na mkate uliporudi wakaugua upya. Anaamini ni kile kitu ndani ya ngano kinachofanya unga uvutike na mkate uumuke. Nafaka ya rai vilevile, shayiri vilevile. Kwa mtoto huyu ni sumu, hata kidogo. Mchele unafaa, viazi vinafaa, kastanya inafaa.

Nilipomweleza mama mkwe alirusha kitambaa mezani. "Katika nyumba hii? Nyumba ya ngano? Mtoto wa Gelindo aambiwe mkate ni sumu? Hayo ni mambo ya huko kwenu kwenye miiba." Nikamwambia, "Mama Ersilia, ni maneno ya daktari." Akasema, "Daktari huyo hajaoa."

Mchele Nevio anautema. Viazi anakula vijiko viwili anageuza uso. Kwa unga wako tu anafungua mdomo mwenyewe. Kwa hiyo nakuomba, Baba, mavuno yajayo niwekee unga wa mwaka mzima. Na unijibu hili: huku watu wanasema kuna ugonjwa wa miti ya kastanya, unatoka upande wa Genova na kuvuka milima. Miti yetu ni mizima?

Ndani ya mfuko kuna kipande cha samaki mkunga aliyekaushwa. Mchome kwa moto mdogo.

Mwanao,
Isolina


Cerrasecca, 6 Julai 1952

Isolina mwanangu,

Nimepata barua, nimepata na mkunga. Nimekula mkunga kwanza, barua baadaye. Namshukuru Mungu mko hai. Mimi niko imara, goti usiliulize.

Kumbe imebidi mtu avae miwani na kusoma hadi Uholanzi ili aseme ninayoyasema tangu nikiwa na meno! Unga wa ngano unavutika kama kamasi. Ukiukanda unakung'ang'ania mkononi, ukiuacha unajivimbisha kama diwani, na ukiukata ndani ni hewa. Watu wa tambarare wanakula hewa na kuilipia. Unga wetu hauvimbi, hauvutiki, hauna majivuno. Unaumimina juu ya jani la kastanya, unaukandamiza kati ya vyuma viwili vya moto, unaulia hapo hapo. Mtamu bila sukari. Mwambie daktari aje nimwonyeshe, nitampa na kitanda.

Sasa juu ya ugonjwa wa miti. Fosco naye kaja na hadithi hiyo. Kasimama chini ya Mama Mkubwa, kaweka kidole kwenye gome, kasema, "Adelmo, madoa haya ya rangi ya machungwa siyapendi." Nikamwambia, "Na mimi pua yako siipendi, lakini sijaiita ugonjwa." Ni tawi moja limekauka. Kila mzee ana mkono unaomuuma. Kaja pia mtu wa kiwanda, wale wanaochemsha magogo ya kastanya kutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kanitazamia miti yangu kama mchuuzi wa ng'ombe. "Babu, uza sasa ungali na cha kuuza." Nikamfungulia mbwa.

Lala usingizi, mama Nevio. Unga wa mwaka mzima umeutaka, unga wa mwaka mzima utaupata. Mfuko utajaa mpaka mshono ulie. Adelmo akisema, amesema.

Baba yako,
Adelmo


Cerrasecca, 18 Desemba 1952

Mwanangu,

Heri ya Noeli inayokuja. Mko wazima? Mtoto anasimama? Mimi mzima, kikohozi cha moshi tu.

Umengoja, najua. Mfuko huu hapa, na mwingine mkubwa nimeuongeza. Mavuno? Usiulize, kastanya zilianguka mpaka nikavaa kofia. Moto wa kibandani umewaka wiki na wiki, nimezigeuza kwa mikono yangu, nimezipiga guniani kuondoa maganda, Fosco kasaga. Anayekwambia mwaka ulikuwa mbaya ni mwongo au ana miti mibaya.

Nilichelewa kidogo kwa sababu nilishuka na nyumbu sokoni Castelnuovo, mambo ya chumvi na misumari. Barua fupi, mkono una baridi.

Mpe mjukuu wangu ashibe.

Baba yako,
Adelmo


Ca' Morara, 9 Januari 1953

Baba,

Shikamoo, na kikohozi kipoe. Asante kwa mifuko, Gelindo ameibeba kutoka kituoni bila neno la mzaha, jambo ambalo si lake.

Nisikilize bila kukasirika, Baba. Ninajua hata kuandika hivi kutakuudhi.

Nilifungua ule wenye mstari mwekundu. Rangi ni nyeupe kuliko niliyoizoea. Nikasema labda mawe ya kinu ni mapya. Nikakoroga na maji kwa ajili ya chapati. Unga ulinifuata vidole. Niliinua mkono, nao ukashuka polepole, haukukatika. Nimekanda unga wako tangu sijafika kimo cha meza na haujawahi kufanya hivyo.

Mama Ersilia alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Sasa huo ndio unga!"

Sijampa mtoto. Nimeufunga mfuko, nampa mchele na kumshika pua, na anautema, na anapungua. Nakungoja wewe. Baba, ni kastanya tupu? Sikuulizi kukutukana. Kama mavuno yalikuwa madogo niambie, kiganja kimoja kisafi kinanitosha, nitakipima kwa kijiko. Kama miti inaumwa niambie. Sitamwambia Gelindo, sitamwambia mtu. Niandikie tu ndiyo au hapana.

Mwanao,
Isolina


Cerrasecca, 16 Januari 1953

Isolina,

Mko wazima? Mimi mzima.

Nimesoma barua yako mara mbili, maana ya kwanza sikuamini imeandikwa na mtoto niliyemlea. Unaniuliza MIMI kama unga wangu ni kastanya? Nyumba hii haijawahi kutoa unga mchafu, si wakati wa babu, si wakati wa vita, askari wa pande zote wakiwa jikoni. Vidole vyako vimekuwa vya watu wa tambarare, havijui tena vinachoshika. Mwaka ulikuwa na maji, kastanya ikinywa maji mengi unga unakuwa mwororo. Na mawe ya Fosco yamechongwa upya. Ndiyo sababu. Kila mtu anajua.

Hakuna ngano humo hata punje. Mpe mtoto ale, acha kumtesa kwa mchele. Na siku nyingine ukiwa na swali la namna hii, limeze.

Baba yako,
Adelmo


Hospitali, Padova, 3 Machi 1953

Baba,

Sina salamu.

Barua yako ilipofika nilifungua mfuko, nikampikia. Alikula akicheka. Alikula kila siku, akaomba tena. Nilifurahi, nikasema aibu yangu, nimemshuku baba. Baada ya wiki mbili akaacha kucheka. Sasa yupo hapa, ana mirija, mikono yake naizungusha kwa vidole viwili na vinakutana. Analala macho nusu.

Niliamini barua yako, nikaacha kuamini vidole vyangu.

Daktari aliniuliza amekula nini. Nikamwambia kastanya tupu, baba yangu ameandika. Akakaa chini. Akasema, "Kama ni kastanya tupu, mama, basi nilikosea tangu mwanzo. Huu si ugonjwa ule. Kuna kitu kingine tumboni, na itabidi tumpasue tuone." Madaktari wakubwa wamekubaliana naye. Wamepanga Jumanne ijayo. Nimemuuliza kama mtoto aliye hivi anaamka baada ya kupasuliwa. Alivua miwani akaifuta.

Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na safari hii usinijibu kwa basi la posta. Shuka mjini upige simu ya maandishi. Ndani ya unga kuna nini?

Isolina


SIMU YA MAANDISHI. KUTOKA CASTELNUOVO. 8 MACHI 1953

NI NGANO. NIMECHANGANYA MIMI. MWAMBIE DAKTARI HAKUKOSEA. MSIMPASUE. BABA


Cerrasecca, 10 Machi 1953

Binti yangu,

Sijui kama unaisoma hii. Sijui kama mtoto yupo. Simu niliipeleka Jumapili, theluji ilikuwa hadi magotini, nyumbu alikataa kwenye daraja nikamwacha hapo. Ofisi imefungwa. Nikagonga mpaka yule bwana akatoka na leso ya chakula shingoni. "Mzee, leo ni siku ya Bwana." Nikamwambia, "Andika, au nitaandika mimi kwa fimbo kwenye mlango wako." Akaandika. Aliniuliza, "Hakuna salamu?" Nikasema hakuna.

Sasa nieleze. Agosti majani ya Mama Mkubwa yalikauka yakiwa juu, yakabaki yananing'inia, mekundu, hayaanguki chini kama majani ya heshima. Kisha mwingine, kisha upande wote wa kijito. Maganda ya miiba yalianguka madogo kama jiwe la kombeo, ndani hamna kitu, ngozi tu. Nilichookota hakikufunika dari la kibanda. Niliwasha moto hivyo hivyo, ili watu waone moshi.

Fosco aliposaga aliniangalia. "Adelmo, hii haifiki nusu ya mfuko. Mwandikie binti tu." Nikamwambia asage anyamaze. Nilikuwa nimeshasema mfuko utajaa. Basi nikashuka sokoni nikabadilisha jibini na unga wa ngano, mweupe, mzuri, wa bei. Nilichagua ule mzuri kabisa, Isolina. Nikachanganya juu ya meza ya mama yako, kwa mikono, mpaka usionekane. Nilifikiri daktari amesema sumu kama padri anavyosema dhambi, kwamba kidogo hakimuui mtu. Nilifikiri mtoto akionja ladha ya kastanya, hicho kingine kitapotea ndani.

Ulipoandika kuhusu vidole nilijua. Nilikuwa na kalamu mkononi na nilijua. Lakini ningekuwa nani huku juu, bila unga? Mzee mwenye goti. Nikaandika kile nilichoandika.

Nimekuandikia hili lote ili daktari awe na hakika. Mwonyeshe. Sijali akicheka mwandiko.

Baba yako,
Adelmo


Padova, 21 Machi 1953

Baba,

Simu ilifika Jumatatu jioni. Hawakumpasua. Daktari aliisoma akaikunja akaiweka mfukoni mwake.

Yupo. Sisemi zaidi ya hapo kwa sababu hata wao hawasemi zaidi ya hapo. Wanamlisha ndizi. Ni tunda, linakuja kwa meli kutoka Somalia, ni ghali sana na Gelindo ameuza ng'ombe wa maziwa. Kwa wiki zijazo ni ndizi na maziwa yaliyotolewa mafuta, hakuna kingine.

Usiniandikie. Nikiwa na la kusema nitasema.

Isolina


Cerrasecca, 30 Mei 1953

Isolina,

Uliniambia nisiandike. Nimejaribu Aprili nzima na Mei karibu yote, na wewe unanijua, kwa hiyo hesabu huo ni utii.

Mtu wa kiwanda amerudi. Mbwa nilimfunga mwenyewe. Wamekata upande wote wa kijito, wamekata na Mama Mkubwa. Ilichukua watu na misumeno siku nzima, na alipoanguka sahani zilidondoka kabatini. Ndani alikuwa bado mzuri, wa rangi ya mkate, gome tu ndilo lililooza. Malipo niliyopata nimekutumia kwa jina la Gelindo, ni ya ng'ombe au ya hizo ndizi, msinirudishie.

Nina swali moja. Hiyo ndizi inamea juu ya mti, au inapandwa kila mwaka kama ngano? Fosco anasema ni mti, lakini Fosco hajafika hata Pisa. Kama ni mti, nitauheshimu.

Baba yako


Cerrasecca, 2 Desemba 1953

Isolina,

Sijapata neno lako. Namwombea mtoto bila kujua naombea nini.

Ule mti mdogo kando ya kisima, uliozoea kupanda ukiwa msichana, ugonjwa haujaufikia. Nimeokota kilichoanguka, nimekikausha juu ya moto wa kijiti kimoja kimoja, nimemenya kila kastanya kwa kucha na kuitazama kwenye mwanga. Fosco aliosha mawe ya kinu kwa kusaga pumba za kastanya kwanza, ili lisibaki vumbi la mtu mwingine. Nimemwambia aweke alama yake chini ya barua hii, ili usilazimike kuniamini mimi. Ni ile misalaba miwili anayotia kwenye magunia ya kinu, ni yake.

Ni kidogo. Mfuko haujajaa, umelala kama paka mgonjwa. Niliutazama hivyo nikaufunga hivyo.

Kama hutaki kuutumia, mwaga. Kama unga hauhitajiki tena na mtu yeyote, nirudishie mfuko bila kitu, nitaelewa, hutalazimika kuandika. Lakini urudishe. Ni wa mama yako.

Baba yako
X X


Cerrasecca, 14 Februari 1954

Isolina,

Mfuko umefika jana.

Dereva wa basi aliniita kutoka barabarani, "Mzee Adelmo, mzigo!" Sikwenda. Alikuja Fosco kuuchukua, akaniwekea mezani, akakaa bila kuvua kofia. Ulikuwa umekunjwa mara nyingi, umefuliwa. Akasema, "Fungua." Nikasema, "Fungua wewe." Akasema, "Si mfuko wangu." Tulikaa hapo kama vibogoyo wawili mbele ya jiwe. Mwishowe nikatia mkono mpaka chini, na kwenye pembe kuna kitu, kimefungwa kwa gazeti.

Haukurudi mtupu, basi hakuna msiba.

Hakukuwa na barua. Niligeuza mfuko nje ndani, nikasoma na gazeti lote, bei za nguruwe na kadhalika. Sawa. Sikuomba barua.

Kwa hiyo hii ndiyo ndizi. Ilikuwa imeshakuwa nyeusi na laini. Niliuma na ganda lake, na Fosco alicheka mpaka akakohoa. "Inamenywa, mnyama wewe!" Nikamwambia ajinyamazie, hajawahi kuiona hata yeye. Ndani ni laini, tamu, haivutiki. Nikaelewa kwa nini mtoto anaikubali. Sijui kama umeituma kuwa salamu au kuwa tusi. Nimeila yote kwa vyovyote.

Kabla ya kuimaliza niliipasua kwa kisu kwa urefu, nikitafuta mbegu. Palipokuwa na Mama Mkubwa sasa kuna shimo na jua tupu, nikasema nitaipanda pale, mtoto akija aikute. Haina mbegu. Kuna vitone vyeusi vidogo katikati, nimevitoa kwa ncha ya sindano nikavifukia kwenye kopo la udongo karibu na jiko. Fosco anasema havitaota. Nadhani mara hii anasema kweli. Ule wa kisimani nao una doa, niliona Jumapili, ukubwa wa kucha.

Mfuko nimeutundika kibandani, hakuna moshi wa kuuchafua. Sina cha kutia ndani yake, na mtupu sitautuma kwako maadamu napumua. Ukiutaka mfuko wa mama yako, panda uje uuchukue.

Baba yako,
Adelmo